Sumaku za Ng'ombe kwenye Miguu ya Mbwa

Siku ya kuniaga ofisini, baada ya soda na hotuba zilizomsifu mtu nisiyemfahamu, daktari wetu mpya kabisa wa mifugo alinionyesha kitu kwenye simu yake. Ilikuwa picha ya mbwa mnene wa ng'ambo aliyevaa mkanda wenye sumaku. Muuzaji aliapa kwamba mkanda ule unaunga mifupa, unakausha vidonda na kuondoa uzee.

"Mzee Candia, tuagize?" aliniuliza. "Hapa Arua bodaboda zinagonga mbwa kila siku."

Nilicheka mpaka nikakohoa, na binti wa watu akafikiri ninamcheka yeye. Naandika haya ili yeye na wenzake wajue niliyekuwa namcheka.

Nilianza kazi Arua mwaka 1971, nikiwa na cheti cha sekondari, kozi fupi ya mifugo na viatu vya kubana. Mkuu wetu alikuwa Daktari Ezati, mtu mrefu kutoka Mvara aliyevaa gambuti hata kanisani. Siku yangu ya kwanza aliletwa mbwa mweupe aliyekatwa na panga. Nilikimbilia sindano. Daktari akanipa kamba.

"Kamba kwanza," alisema. "Funga mdomo. Mbwa mwenye maumivu hana adabu, na wewe huna vidole vya akiba."

Nilidhani ni mzaha. Alama ya jino la mbwa yule bado iko kwenye kidole changu cha shahada, na wajukuu huiona kila ninapowaonya.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na mabomba ya sindano ya kioo, tuliyoyachemsha kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa. Tulikuwa na dawa ya zambarau iliyotupaka mikono mpaka watu sokoni wakajua kazi yetu kabla ya salamu. Tulikuwa na chumvi. Daktari Ezati aliamini chumvi kuliko alivyoamini wizara. Kidonda cha kuumwa alikisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, akiyasukuma ndani kwa bomba mpaka yatoke meupe, kisha alikiacha wazi. Mwenye mbwa akilalamika kwamba kidonda hakikufungwa, alimjibu hivi:

"Jeraha la jino lina mlango mdogo na nyumba kubwa. Ukifunga mlango, uchafu unabaki ndani unapika."

Na kuhusu mfupa uliovunjika: "Mfupa unajiunga wenyewe, wala hauhitaji ushauri wako. Kazi yako ni kumzuia mbwa asiuharibu. Weka mabanzi ya mwanzi, kisha mfunge kwenye mti. Dawa ya mfupa ni kamba."

Hiyo ndiyo elimu yote ya mbwa niliyopewa, na mpaka leo sijaona iliyoishinda.

Sanduku la sumaku lilifika na misaada fulani. Zilikuwa nyeusi, laini, ndefu kama kidole gumba cha mtu mzima. Daktari Ezati alitukusanya akatueleza. Katika nchi zenye mashine na nyaya nyingi mashambani, ng'ombe humeza misumari pamoja na nyasi, na msumari huweza kutoboa tumbo ukafika moyoni. Basi ng'ombe humezeshwa sumaku, nayo hukaa tumboni maisha yake yote ikikamata vyuma. Alipomaliza alicheka peke yake.

"Sasa ng'ombe wa hapa atapata wapi msumari? Sisi wenyewe tunafunga nyumba kwa kamba."

Sanduku likaingizwa stoo. Nililiona likiingizwa, na maelezo niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Baadaye nilihamishiwa Koboko, kwenye kituo kidogo chenye josho la ng'ombe, bati linalovuja, na mtunza stoo aitwaye Rajabu. Rajabu alikuwa Mnubi wa pale mjini, mjukuu wa askari wa zamani, mtu wa kanzu safi na ulimi mchafu. Mate ya mbwa hakutaka yamguse, kwa sababu ya udhu wake. Mbwa akiletwa, alisimama mbali akashika ncha ya kamba.

"Mimi nashika kamba, ndugu yangu," aliniambia. "Mate iko yako. Kanisa yenu haina shida na mate."

Arua walipofagia stoo yao, walitutumia vyote wasivyovitaka, na sanduku la sumaku likaja. Rajabu alichukua moja ya kushikia funguo ukutani. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa sumaku pekee iliyofanya kazi.

Kisha, kule Arua, Daktari Ezati hakuonekana kazini. Baiskeli yake ilikutwa imeegeshwa kwa adabu karibu na mpaka wa Kongo. Hatukuulizana. Miaka ile ya utawala wa jeshi swali lilikuwa mzigo, na kila mtu alitembea na mikono mitupu. Nilijikuta mimi, msaidizi mwenye kozi fupi, ndiye daktari wa Koboko nzima.

Hapo ndipo alipokuja kapteni mmoja na mbwa mkubwa wa kizungu. Mbwa aliitwa Sajini, cheo cha chini ya bwana wake, kwa usalama wa wote. Aliruka kutoka Land Rover ikiwa mwendoni akavunjika mguu wa mbele.

"Wewe ndiyo daktari?" kapteni aliniuliza.

"Msaidizi, afande."

"Iko sumaku hapa?"

Kabla sijafungua mdomo, Rajabu akajibu kwa niaba ya serikali: "Iko, afande. Sanduku mzima."

"Muzuri. Huko kwenye kozi mimi naona kwa macho yangu. Farasi inavunja mguu, wanaweka sumaku, farasi inatembea. Hii mbwa utaweka sumaku, na itatembea."

"Ndiyo, afande," nikasema.

Vijana, msiwe wepesi kunihukumu kwa neno hilo. Bastola yake ilikuwa kiunoni na mimi nilikuwa na bomba la sindano. Kwa "ndiyo" ile ya kwanza nimeshajisamehe. Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi.

Nilinyoosha mguu, nikaweka mabanzi ya mwanzi na bendeji kama nilivyofundishwa, kisha nikafunga sumaku mbili juu yake, kama vifungo vya koti. Nikasema mbwa afungwe, asikimbie, asiruke. Kapteni akamwekea askari wa kumlinda. Naapa hakuna mbwa aliyewahi kupumzika vile tangu Koboko iwe Koboko. Alilala kivulini, akaletewa nyama na maji, na akijaribu kusimama askari alimwamuru alale chini. Alipofunguliwa alitembea, kisha akakimbia. Kapteni alizunguka mji mzima akisifu sumaku. Askari aliyeshika kamba hakutajwa na mtu yeyote.

Sifa ni pombe tamu, na mimi nilikuwa kijana mwenye kiu. Watu walileta mbwa kutoka kila upande: waliovunjika, waliochechemea, mmoja aliyekuwa mvivu tu. Niliwafunga sumaku. Niliwaambia wenyewe kwamba nguvu ya sumaku inavuta damu, kwa kuwa damu ina chuma. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe nikiwa chooni, na nilishangaa jinsi ilivyokubalika. Mwalimu mmoja wa shule aliwafundisha wanafunzi wake.

Mji ukaingia wazimu. Redio mbovu zilipasuliwa spika ili kutoa sumaku. Redio nzima nazo zilipasuliwa, na kwa mara ya kwanza watu wakakosa taarifa ya habari kwa hiari yao. Mbwa wa muuza nyama alifungwa sumaku ya spika kubwa kifuani, akapita sokoni akaondoka na kisu cha bwana wake kimemng'ang'ania, watu wakitawanyika wakidhani mbwa amekuja kulipa kisasi. Mwingine alinasa kwenye baiskeli ya katekista, na katekista, badala ya kumbandua, alikaa akimwombea.

Sumaku za ng'ombe zilipoisha nilipata wasiwasi. Rajabu hakupata wasiwasi. Aliokota mawe laini ya mtoni, yenye ukubwa uleule, akayafunga ndani ya kitambaa cha bluu na kunipangia mezani.

"Rajabu, haya ni mawe."

"Na ile ingine ilikuwa nini?" alijibu. "Wewe funga. Mbwa haijui kusoma."

Nikafunga. Waliofungwa mawe walipona kama waliofungwa sumaku. Waliotulizwa na kufungwa kamba walipona, na waliotembezwa walilemaa, wa mawe kwa wa sumaku. Jibu la swali la sumaku nililipata hapo, bila maabara: halina tofauti na jibu la jiwe. Mtu mwenye akili angeacha siku ileile. Mimi na Rajabu tulicheka mpaka tukashikana mabega, na kesho yake tukaendelea na kazi.

Sasa nifike kwa Mzee Kenyi.

Mzee Kenyi alikuwa Mkakwa wa Lurujo, mkulima, mwindaji hodari wa zamani. Nyonga yake iliharibika, hakuweza tena kukimbia na mkuki. Lakini kwa desturi ya wawindaji wa kule, mbwa akimkamata mnyama wa kwanza, paja la mnyama ni la mwenye mbwa, hata kama mwenyewe amekaa kichuguuni. Na mwenye paja anakaa na wawindaji, anakula nao, anasema nao. Asiye na mkuki wala mbwa anakaa na watoto. Mzee alikuwa na mbwa jike mwekundu, mwenye kengele ya mti shingoni, na wakati wa kiangazi nyasi zikishachomwa hakuna mbwa aliyemtangulia.

Jina lake, nikilitafsiri kutoka lugha ya Wakakwa, lilikuwa Mtachoka. Huku kwetu mbwa hapewi jina la kumpendeza mbwa. Anapewa ujumbe kwa jirani. Mzee alikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba, na badala ya kugombana alitoka kila jioni akaita kwa sauti, "Mtachoka! Mtachoka!" Mbwa alikuja, na jirani alisikia.

Siku moja ya kiangazi ngiri alimtoboa Mtachoka pajani kwa jino lake. Mzee alimleta kwenye karai, karai likiwa nyuma ya baiskeli ya mwanawe. Tundu lilikuwa dogo, kama la kupitisha kidole. Mlango mdogo, nyumba kubwa. Niliikumbuka sentensi ile neno kwa neno. Niliisikia hata sauti ya Daktari Ezati.

Lakini uani kulikuwa na watu wengi wamekuja kuona sumaku ikifanya kazi.

"Daktari," alisema Mzee Kenyi, "mimi sina mguu. Hii mbwa ndiyo mguu yangu. Wanasema wewe iko na dawa ya chuma."

"Iko, mzee," nilimjibu.

Niliosha juujuu. Kisha nikatoa sumaku ya kweli, ya mwisho, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya wakubwa. Nilitaka kumheshimu, kana kwamba ukweli wa sumaku ungepunguza uongo wangu. Sumaku ilitakiwa iguse nyama, hivyo nikaikandamiza juu ya tundu, nikazungusha bendeji na kukaza. Watu wakaguna kwa kuridhika.

"Nifungue lini nitazame?" mzee aliuliza.

"Usifungue kabisa," nikasema. "Ukifungua, nguvu inatoka."

Rajabu, mwenye ncha ya kamba, alinitazama. Hata yeye, baba wa mawe, hakucheka.

Mzee aliporudi, hakuja na karai. Alikuja kwa miguu, na kutoka Lurujo kwa nyonga ile si safari ndogo. Alifungua kitambaa, akaiweka sumaku mezani pangu. Alikuwa ameiosha.

"Mbwa imekufa," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nilisikia harufu. Mke yangu alisema, fungua. Mimi nikasema hapana, daktari alikataza."

Nilimsogezea kiti, akakikataa kwa mkono.

"Mimi iko na swali moja tu. Ile mutu mrefu ya gambuti, ile ilikufundisha kazi. Alikufundisha hivi?"

"Hapana, mzee."

"Alisema nini?"

"Alisema kidonda cha jino kisifungwe. Kioshwe ndani kwa chumvi, kiachwe wazi."

"Na wewe ulijua hiyo siku mimi nakuja?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoezi. Lakini mbele ya sumaku ile iliyooshwa, ulimi ulikataa.

"Nilijua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa, akaondoka. Jioni ileile nilivunja meza ya sumaku na kibao chake nilichoandika kwa mkono wangu. Mawe nikamrudishia Rajabu. Akasema, "Umechelewa, lakini umefika," na hakunitania tena mpaka wiki ilipokwisha, jambo lililonitia hofu kuliko kifo.

Mbwa wa watu waliendelea kuja. Niliwaambia hakuna sumaku, kuna kamba na chumvi. Wengi walisikitika. Wengine waliondoka wakasema daktari amenyang'anywa nguvu zake. Kumtoa mtu kwenye uongo uliomtia mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kumtoa mbwa kisimani, na haina kozi.

Mwaka uliofuata tulikwenda Lurujo kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Watu walipanga mstari na mbwa wao. Mzee Kenyi alikuwepo na mbwa mchanga, mwekundu tena. Mbwa alichomoka kwenye kamba akakimbilia migombani. Mzee akasimama, akaweka mkono mdomoni, akaita kwa sauti iliyofika pande zote:

"Alijua! Alijua! Kuja hapa, Alijua!"

Mbwa akaja. Mtu mmoja mstarini akakohoa, kisha wote wakanitazama. Zingatieni kwamba Wakakwa huwapa mbwa majina kwa lugha yao. Hili lilitolewa kwa Kiswahili, ili mimi Mlugbara nisipitwe.

"Jina muzuri, mzee," nilisema huku nikivuta dawa kwenye bomba.

"Muzuri," alikubali. "Iko rahisi kukumbuka."

Basi kila chanjo ilikuwa hivyo. Kuna wazee wa Lurujo waliokuja bila mbwa, kusikiliza tu.

Mwaka 1979 vita vilipofika huku, tulivuka mpaka na vitu tulivyoweza kubeba kichwani. Nilibeba bomba moja la kioo, kamba na kifuko cha chumvi. Kule upande wa pili, kwenye vibanda vya nyasi, hapakuwa na ng'ombe wa kutibu wala mshahara wa kupokea. Rajabu aliuza chai iliyokuwa na maji zaidi kuliko chai.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Kenyi tena. Alikuja amembeba Alijua mikononi kama mtoto, nyonga ikimpinda. Wanaume walikuwa wakiwinda vichakani ili familia zao zipate kula, na mbwa yule ndiye aliyekuwa akiwalisha watu wa vibanda vyake. Ngiri tena. Paja tena. Hata upande ni uleule.

Alimlaza mbele yangu, akabaki amesimama.

"Sumaku iko?" aliuliza.

Rajabu aliweka chini birika.

"Haiko, mzee. Haikuwahi kuwako."

"Basi fanya ile ya mutu mrefu."

Nilifunga mdomo kwa kamba. Rajabu, bila kuambiwa, aliacha chai yake, akapiga magoti na kushika kichwa cha mbwa kwa mikono yote miwili, mate na yote. "Nitaoga," aliniambia. "Wewe osha." Nilipanua mlango wa jeraha kwa kisu kilichochemshwa, nikasukuma maji ya chumvi mpaka ndani kabisa, nikarudia, yakatoka mekundu, yakatoka machafu, yakatoka meupe. Nikaacha wazi. Mzee akamfunga mbwa kwenye nguzo ya kibanda chake. Kila asubuhi nilikwenda kuosha, na kila asubuhi yeye mwenyewe aliinama akanusa kidonda kabla yangu. Hakuninyima haki ya kuosha, wala yeye hakujinyima haki ya kunusa.

Alijua alipona. Alichechemea kidogo, kama bwana wake, lakini alikimbia. Siku alipoleta mnyama wa kwanza, Mzee Kenyi alinitumia kipande cha paja. Nikapata ujasiri nikaenda kumshukuru, na kumwomba jambo.

"Mzee, sasa mbwa amepona kwa mkono wangu. Huwezi kumpa jina lingine?"

Alimaliza kwanza kutafuna.

"Daktari," alisema, "mbwa ukibadilisha jina, inapotea porini. Wewe unataka mbwa yangu ipotee?"

"Hapana, mzee."

"Basi ita wewe. Iko pale nyuma. Mimi mguu inauma."

Alikuwa amelala kivulini nyuma ya kibanda. Nilimpigia mluzi, hakuja. Nilimwita "kuja, mbwa," akafumba macho. Watu wa vibanda walikuwa wameanza kutoka. Basi nikaweka mkono mdomoni, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya kufika mpakani, naye akainuka akaja akichechemea mpaka miguuni pangu.